Kumtegemea mume si kosa, ila kumfichia ulevi wake kunanitia hofu

Dada, umeuliza kama ni udhaifu kumtegemea mumeo ukiwa na kichanga. Si udhaifu hata kidogo. Huku Newala msimu wa korosho mimi naokota, mama mkwe anabaki na mtoto mkekani chini ya mkorosho, jioni mume wangu anateka maji. Aliyechoka anasema, mwenzake anapokea.

Linalonitia hofu ni hilo uliloandika mwishoni: akilewa uraka, ile pombe ya mabibo, wewe ndiye unayempigia msimamizi wake wa kazi kusema anaumwa, na usiku hulali mpaka ujue amerudi na hali gani. Wataalamu wa Marekani waliliona hili mapema katika familia za walevi: mtu anaishi kwa kufuata hali ya mwenzake hadi ya kwake anaisahau. (Kama anakupiga pia, nenda Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi.)

Na yule binti yako wa miaka 6 uliyesema anakufuta machozi, "mama usilie, mimi nipo," ameshakuwa mama yako. Inaniuma sana hiyo. Kesho mumeo akishindwa kwenda kazini kwa ulevi, usimpigie msimamizi. Apige mwenyewe. Wewe mkalishe binti, msuke nywele, umwambie ya wakubwa si kazi yake.