Transfoma Nyuma ya Dirisha: Majibu kwa Wasomaji

Barua za mwezi huu nyingi zina hofu moja: umeme mkubwa unaopita karibu na sehemu ya kazi. Tumechagua nne.

SWALI: Tupo mafundi saba, tunashona sare za shule kwenye fremu moja. Nje, kama mita nne kutoka dirishani, kuna transfoma juu ya nguzo mbili. Mwenzetu mmoja ni mjamzito wa miezi mitano, na jirani amemwambia mionzi ya transfoma huleta kansa ya damu kwa mtoto. Akapakua programu ya kupima sumaku kwenye simu, ikasoma 34. Tuhame?
Fundi cherehani, Mbagala

JIBU: Hiyo 34 si ya transfoma. Simu ina dira ndani yake, na dira husoma sumaku ya dunia, ambayo popote ulipo huwa kati ya mikrotesla 25 na 65 (mikrotesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Mwambieni dada aende na simu hiyohiyo katikati ya uwanja wa mpira, mbali na waya wowote, atakuta namba zilezile au jirani zake. Sumaku ya dunia imetulia. Ya umeme wetu inageuka kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na programu hizo hazikutengenezwa kuikamata. Kinachoipima ni gausimita yenye vihisi vitatu ndani. Yenye kihisi kimoja nayo inafaa, ila lazima uigeuze pande tatu, vinginevyo utasoma kidogo kuliko hali ilivyo.

Neno “mionzi” nalo linatisha kuliko jambo lenyewe. Transfoma haitoi kitu kama eksirei. Inazungukwa na uga wa aina mbili, yaani eneo ambamo nguvu ya umeme au ya sumaku inafika. Uga wa umeme unatokana na msongo (volteji), na ukuta wa tofali au bati huuzuia. Uga wa sumaku unatokana na mkondo unaopita, na huo unapenya ukuta kama haupo. Kinachoumaliza ni umbali: ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye transfoma, unabaki takriban sehemu moja ya nane. Kwa transfoma ya nguzoni, sehemu kubwa hutoka kwenye nyaya nene za msongo mdogo zinazotoka upande wa pili, tangi lenyewe hutoa kidogo. Kwa hiyo msiangalie tangi, angalieni nyaya hizo zinapita wapi. Kama zimeegemea ukuta wenu, hamisheni meza ya huyo dada upande wa pili wa fremu. Haigharimu kitu.

Habari ya kansa ya damu ina chanzo. Mwaka 1979 ulitoka utafiti wa Denver, Marekani, ulioona watoto waliokufa kwa kansa waliishi karibu na nyaya zenye mkondo mkubwa mara nyingi kuliko watoto wengine. Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2000 zilionyesha uwiano huo kwa watoto ambao wastani wa uga nyumbani kwao, mchana na usiku, ulizidi mikrotesla 0.3 hadi 0.4. Mwaka 2002 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, likauweka uga huu wa sumaku kundi la 2B, yaani “huenda” ukaleta saratani. Kundi hilohilo lina achari za mboga za kienyeji za Asia. Uwiano umeonekana, lakini hakuna aliyeonyesha njia ambayo uga dhaifu hivyo ungeanzisha ugonjwa. Na habari hiyo ni ya watoto majumbani, haihusu mjamzito anayekaa kazini kwa muda wa saa nane. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, tangu 2010 kwa umeme wa mizunguko 50 ni mikrotesla 200 kwa watu wote na 1,000 kwa wafanyakazi.

Sasa la kuchekesha kidogo. Chanzo kikubwa cha uga ndani ya fremu yenu kinaweza kuwa cherehani. Mafundi cherehani walipopimwa Finland na Marekani miaka ya 1990, walionekana kupata uga mkubwa kuliko wafanyakazi wa kazi nyingi nyingine, kwa sababu mota iko chini ya meza, sentimita chache kutoka gotini. Mota ya klachi huzunguka muda wote swichi ikiwa imewashwa, hata kama sindano imesimama. Mkikata au kupiga pasi, zimeni. Zikichakaa, badilisheni kwa mota ya sevo: inazunguka mnapokanyaga pedali tu, na bili ya umeme inashuka.

Kwenye nguzo ile mna mambo matatu ya kuogopa kweli. La kwanza ni waya: bango, ngazi au bomba la chuma lisifike ndani ya mita 3 za nyaya za juu, na mtu asifunge kamba ya kuanikia nguo kwenye waya wa kuvutia nguzo. La pili ni mlio: transfoma inayonguruma ghafla kuliko kawaida, au inayocheza cheche, itolewe taarifa siku hiyohiyo. La tatu ni mafuta. Transfoma za zamani, hasa zilizoundwa kabla ya katikati ya miaka ya 1980, zinaweza kuwa na PCB, kemikali yenye sumu iliyochanganywa kwenye mafuta yake, na PCB iko kundi la 1 la IARC, yaani inajulikana kuleta saratani. Mafuta yakidondoka msiyaguse, msiyafagie kwa mikono mitupu, na wala msinunue mafuta ya bei ya chini ya kukaangia chipsi ambayo muuzaji hasemi yametoka wapi, maana yanaweza kuwa ya transfoma. Mtu anaogopa uga wa 2B juu ya nguzo, huku kundi la 1 huenda linauzwa kwenye madumu.

SWALI: Meza yangu ya uhasibu imeegemea ukuta wa chumba cha mein swichi. Fundi alipima akasoma 62, akaniuzia stika ya kubandika kwenye kompyuta na karatasi ya alumini ya kufunika ukuta. Kichwa bado kinaniuma.
Karani wa hesabu, Nairobi

JIBU: Kwanza uliza 62 ya nini. Kama kifaa kimeandikwa mG, hiyo ni miligausi 62, na miligausi 10 ni mikrotesla 1. Una 6.2, iko chini sana ya 200. Hata hivyo ofisi ya kawaida husoma chini ya 0.2, kwa hiyo inafaa kujua kwa nini yako imepanda. Stika haifanyi chochote. Alumini ya jikoni haizuii uga wa sumaku wa mizunguko 50, imekula pesa yako tu.

Sababu ni moja kati ya mbili. Ya kwanza ni baa za shaba zilizo nyuma ya ukuta, zinazobeba mamia ya ampea. Dawa ni kusogeza meza mita mbili, halafu kupima tena. Weka kabati la mafaili hapo ukutani.

Ya pili ni kosa la kufunga umeme, nalo ni la hatari. Waya zinazopeleka na kurudisha mkondo zikienda pamoja, uga wao hufutana. Kama mtu ameunganisha nyutro na ethi kwenye bodi ya ghorofani, sehemu ya mkondo hurudi kupitia mabomba na vyuma vya jengo, haufutani tena, na uga unatapakaa. Fundi mwenye leseni aitafute hivi: afungue bodi, azungushe klampu mita kwenye fezi zote tatu pamoja na nyutro yake kwa mara moja, ethi ibaki nje. Mita isome karibu na sifuri. Ikisoma ampea kadhaa, mkondo unarudi kwa njia nyingine, na aufuate bodi kwa bodi hadi kwenye kiungo hicho. Siku nyutro ikikatika, bomba la maji la choo ndilo litakalobeba umeme.

Kuhusu kichwa, sikiliza mlio wa chumba hicho. Transfoma na baa hunguruma kwa mizunguko 100, sauti nzito inayochosha mtu bila kuitambua. Na pima macho.

SWALI: Ninalinda ghala, kibanda changu cha mabati kiko chini ya laini ya kilovoti 220. Asubuhi nikigusa mlango au uzio wa waya, nachomwa kama sindano. Umeme unavuja?
Mlinzi, Morogoro

JIBU: Hauvuji, baba. Uga wa umeme wa laini hiyo unachaji chuma chochote kikubwa kilichojitenga na ardhi, na wewe ukigusa unakuwa njia ya kushukia. Ndiyo maana uzio mrefu uliokwenda sambamba na laini huchoma kuliko mlango mdogo. Tajiri achimbie fimbo ya ethi ya shaba, ya mita 1.5 hivi, aifunge kwenye fremu ya kibanda kwa waya wa shaba na klampu, asisokote kwa mkono. Uzio nao ufungwe ethi kila baada ya mita kadhaa. Gari lisijazwe mafuta hapo chini kwa dumu. Cheche ndogo inatosha.

Ila kibanda hakitakiwi kuwa ndani ya mkuza wa umeme, yaani ukanda wa ardhi chini ya laini, kabisa. Waya ukikatika unaangukia hapo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atathmini hatari kama hii. Muombe kwa maandishi akihamishe.

SWALI: Kaka yangu amewekewa betri ya moyo. Karakana yake ya kuchomelea iko karibu na nguzo za umeme. Arudi kazini?
Dada yake, Mombasa

JIBU: Nguzo si shida, shida ni mashine yake. Waya wa kuchomelea ukibeba ampea 150, kwa sentimita 10 unatoa karibu mikrotesla 300. Mtu anayeutundika begani anauweka juu ya kifaa chenyewe. Daktari aliyekiweka ndiye wa kuamua, na kaka amwambie ampea anazotumia na aina ya mashine, maana kila kifaa kina mipaka yake.

Akiruhusiwa, waya wa holda na waya wa ethi vilazwe sakafuni vimefungwa pamoja, visizungushwe mwilini, klampu ya ethi ikamate chuma karibu na anapochomelea, na mashine ikae mbali naye kadiri waya unavyofika. Asipige pointi za harakaharaka mfululizo, kwa sababu kifaa kinaweza kudhani ni mapigo ya moyo. Asifanye kazi peke yake. Akisikia kizunguzungu, aachie holda na asogee mbali na mashine. Mara nyingi kifaa hurudi katika hali yake, lakini siku hiyo hiyo aende hospitali kikakaguliwe.