Sukari ya kwenye ugali

Nilipoambiwa nina kisukari, kitu cha kwanza kuondoka nyumbani kilikuwa kopo la sukari. Soda nikaiaga, chai nikanywa hivyo hivyo na uchungu wake. Miezi miwili baadaye vipimo viko palepale. Nikaanza kumshuku mke wangu kwamba ananionea huruma na kunitilia kijiko kwa siri.

Kumbe mchawi ni ugali wa udaga, ule wa unga wa muhogo. Watu wa Kanda ya Ziwa mnaujua, ule mlima ambao ukikaa upande huu humwoni aliyekaa upande ule. Mdomoni hauna utamu wowote, lakini ni wanga mtupu, na wanga ukishameng'enywa unageuka glukosi, ileile inayosomwa na mashine.

Niliamini Jumapili moja. Sato wa kuchemsha kutoka soko la Mwaloni hapa Mwanza, ugali kwa kipimo changu cha siku zote. Baada ya saa mbili nikajitoboa kidole, mashine ikasoma 14.2 mmol/L. Jumapili iliyofuata sato tena, ila nilianza na mchicha na samaki, ugali wa ukubwa wa ngumi nikaula mwisho, kisha nikatembea taratibu hadi Kirumba na kurudi. Mashine ikasoma 9.3. Daktari wangu anataka isivuke 10 saa hiyo. Samaki hana wanga, na akitangulia tumboni pamoja na mboga, chakula hushuka polepole.

Dona ni afadhali kuliko sembe kwa sababu pumba zake zimebaki, lakini nayo ni wanga, usijipakulie mara mbili. Uji ndio ulionishangaza: unashuka haraka, na sukari inapanda haraka. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, sijaacha, siwezi kudanganya. Ila kumbuka maji yamekauka, wanga umebaki. Kiganja kimoja na karanga kinanitosha.

Kama unachoma insulini au unameza dawa za kushusha sukari, usikate ugali ghafla bila kuongea na daktari. Mimi nilifanya ubabe huo, sukari ikashuka mno, nikajikuta natetemeka na kutoka jasho kwenye daladala. Abiria jirani alinipa soda, ile niliyoiaga.

Juzi mama mkwe alikuja, akaona kitonge changu, akamwita binti yake pembeni jikoni: "Mwanangu, unga umeisha, au mmegombana?"