Maswali ya Wasomaji: Uchunguzi wa Sayansi Bila Maabara

SWALI
Mhariri, salaam. Ninafundisha sayansi darasa la tano, lenye wanafunzi 60. Tumeelekezwa tuwafundishe watoto kwa njia ya uchunguzi, ilhali shule yetu haina maabara na kipindi ni cha dakika 40 tu. Nilipojaribu mara ya kwanza niligawa betri, nyaya na balbu za tochi. Darasa likageuka gulio, na kengele ilipolia hakuna aliyeweza kunieleza alichojifunza. Je, nirudi kwenye ubao na chaki, au kuna jambo nililolikosea?
Mwalimu wa darasa la tano

JIBU
Mwalimu mpendwa, usirudi nyuma. Siku ile uliwapa watoto vifaa, lakini hukuwapa swali, na mtoto aliyeshika kifaa bila swali hukichezea tu. Uchunguzi huanza pale anapotaka kujua jambo mahususi, akakisia litakavyokuwa, kisha akalijaribu ili aone kama alikisia sawa.

Tafuta kwanza swali ambalo vitu vyenyewe vinaweza kulijibu. Ukiuliza umeme ni nini, mtoto hawezi kupata jibu kwa kushika betri, atasubiri umwambie. Lakini ukiuliza, “Kwa betri moja, balbu moja na kipande kimoja cha waya, taa inaweza kuwaka kwa kuunganishwa vipi?”, jibu limo mikononi mwake. Kabla hujagawa chochote, kila mmoja achore daftarini anavyodhani itawaka. Wengi watachora waya mmoja unaotoka kwenye betri hadi kwenye balbu, basi, kwa sababu taa zote walizowahi kuziona zina kamba moja tu kwa nje. Watajaribu, na taa haitawaka. Hapo ndipo darasa hunyamaza, nami naomba usiliharibu tukio hilo kwa kutoa jibu. Waache waigeuze balbu na kuitazama kwa makini, hadi mmoja wao agundue kwamba kitako chake na ganda la chuma la ubavuni ni sehemu mbili tofauti. Atakisimamisha kitako juu ya ncha ya betri, atazungusha waya kutoka kwenye ganda hadi upande wa chini wa betri, na balbu itawaka. Bandika michoro ubaoni katika mafungu mawili, iliyowasha na isiyowasha, kisha waulize mafungu hayo yanatofautiana kwa lipi. Wakishasema kwa maneno yao kwamba lazima pawe na njia ya kwenda na ya kurudi, wape neno “sakiti”, na watalipokea kama jina la kitu wanachokifahamu tayari. Waonye tu kwamba waya ukiunganisha ncha mbili za betri moja kwa moja hupata moto, hivyo wauachie mara moja.

Kuhusu maabara, njia hii haikuzaliwa kwenye vyumba vyenye vifaa vya gharama. Mwaka 1996 mwanafizikia Georges Charpak, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1992, alianzisha nchini Ufaransa mpango wa aina hii kwa shule za msingi, pamoja na Pierre Léna na Yves Quéré, baada ya kuona kazi kama hiyo katika shule za Chicago. Nguzo mojawapo ya mpango huo ni daftari ambamo mtoto huandika kwa lugha yake mwenyewe alichokisia, alichofanya na alichokiona. Daftari hilo ndilo lililokosekana darasani kwako, maana mtoto asiyeandika alichokisia hana cha kukilinganisha na kilichotokea.

Kwa wanafunzi 60, gawa makundi 15 ya watu wanne, na kila mmoja awe na kazi yake: wa kuchukua vifaa, wa kupima, wa kuandika na wa kuzungumza mbele ya wenzake. Muda nao utatosha usipojaribu kuchunguza kila mada. Chagua mbili au tatu kwa muhula, uzipe vipindi viwili viwili, nyingine uzifundishe kwa kuzieleza vizuri. Majina, vizio vya vipimo na hatari, kama ile ya umeme wa ukutani au ya kulitazama jua, si mambo ya kugunduliwa; yasemwe waziwazi.

Baada ya balbu, ningeanza na jiwe linalobembea kwenye uzi, kwa kuwa hapo watoto hujifunza kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Waulize ni nini kinachofanya jiwe liende na kurudi haraka zaidi. Karibu wote watasema uzito. Uzi wa mita 1 huenda na kurudi takribani mara 10 kwa sekunde 20. Weka jiwe zito zaidi bila kubadilisha urefu, na hesabu itabaki ileile, ila ufupishe uzi hadi sentimita 25, nayo hufika 20.

Neno moja zaidi, na hili nakusihi ulijaribu kesho. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka na waliokaa kimya wakapungua.

SWALI
Shule ya mwanangu haina kompyuta hata moja. Atajifunzaje teknolojia?
Mzazi

JIBU
Ndugu mzazi, kompyuta ina nafasi yake, na ni haki ya mtoto kuifikia. Hata hivyo, teknolojia ni kubuni kitu cha kutatua tatizo, kukijaribu na kukirekebisha. Mpe mwanao karatasi moja na vitabu viwili vilivyoachana kidogo, atengeneze daraja la kubeba sarafu. Karatasi iliyolazwa itapinda mara moja. Usimwonyeshe kwamba ikikunjwa mikunjo kama ya feni itabeba nyingi zaidi. Muulize tu afanye nini ili isipinde, kisha mwache akunje, ajaribu na kuhesabu.