“I didn't went”: wakati uliopita hauwekwi mara mbili

Msomaji mmoja ameniandikia swali ambalo hunifikia mara kwa mara kwa sura tofauti: “Nimekariri went, saw, bought, ate, orodha nzima. Mbona bado nasahihishwa ninapoandika I didn't went?” Namjibu hapa kwa urefu, kwa sababu kosa lake halitokani na uvivu wa kukariri. Wengi hupewa orodha ya vitenzi kabla ya kuelezwa jinsi Kiingereza kinavyobeba wakati uliopita, na inaniuma kuona mtu mwenye bidii akilaumiwa kwa jambo ambalo hakufundishwa. Jibu lenyewe limo ndani ya Kiswahili.

Tazama. Unasema “nilienda”. Ukikanusha unasema “sikuenda”. Ile -li- imeondoka, -ku- imeshika nafasi yake. Hakuna anayesema “sikulienda”. Sikio linakataa papo hapo, kwa kuwa wakati uliopita umeshatajwa mara moja na inatosha. Kiingereza nacho kina tabia hiyohiyo, ila badala ya kiambishi kinatumia neno zima, “did”. Likishaingia kwenye sentensi, ndilo linalobeba wakati, na kitenzi kikuu kinarudi umbo lake la msingi.

Chukua “She bought shoes.” Ndani ya “bought” mna vitu viwili: kununua na wakati uliopita. Unapotaka kuuliza, vitenganishe. Wakati unahamia kwenye “did”, kununua kunabaki “buy”: “Did she buy shoes?” Unapokanusha ni vivyo hivyo: “She didn't buy shoes.” Mtu akiandika “didn't bought” ameuweka wakati uliopita mara mbili, sawa kabisa na “sikulienda”. Ukilishika hili moja, makosa mengi yanaisha kwa pamoja. Hata “I wanted to went” inaanguka hapohapo, kwani baada ya “to” kitenzi hakibebi wakati wowote. Kwa Kiswahili ni “nilitaka kwenda”, na kwa Kiingereza ni “I wanted to go”.

Panapowatatiza watu zaidi ni pale ambapo “do” yenyewe ndiyo kazi inayofanywa. “I did my work” ikikanushwa inakuwa “I didn't do my work.” Wengi huandika “I didn't my work”, wakidhani “did” ile ya kwanza imeshatosha. Haitoshi. “Did” ya msaada imebeba wakati na ukanushaji tu. Kufanya bado kunahitaji neno lake.

Maswali ya “nani” nayo yana njia mbili. “Nani alikupigia?” ni “Who called you?”, bila “did”, kwa sababu “who” ndiye mtendaji anayetafutwa. “Ulimpigia nani?” ni “Who did you call?”, kwa kuwa mtendaji ni “you” na anajulikana. Kabla ya kuandika, jiulize jibu litakuwa mtendaji au mtendwa.

“Was” na “were” hazitaki “did” hata kidogo. “I”, “he”, “she” na “it” huchukua “was”. “You”, “we” na “they” huchukua “were”. Swali hupatikana kwa kuzihamishia mbele: “Were you tired?” Kosa la Waswahili hapa lina chanzo kinachoeleweka. Tunasema “nilikuwa naenda”, kwa hiyo mtu anaandika “I was go” au “I was went”. Baada ya “was” weka sifa, jina, mahali, au kitenzi chenye -ing: “I was going.” Ikiwa ulikubali tu, andika “I agreed”, usiandike “I was agree”.

Sasa upande wa pili, ambao naona hausemwi vya kutosha. Kiswahili kina -ka-. Tunasimulia: “Alifika, akakaa, akanywa maji, akalala.” Ile -li- imetajwa mwanzoni, kisha -ka- inavuta matukio yote yanayofuata. Kiingereza hakina -ka-. Mwanafunzi anayefikiri kwa -ka- huandika “He arrived, sit down, drink some water and sleep,” akiamini kitenzi cha kwanza kimeshaufungulia njia wakati uliopita. Hapana. Kila tukio hubeba alama yake: “He arrived, sat down, drank some water and slept.” Hili halipingani na kanuni ya “did”. “Did” na kitenzi chake ni tukio moja lililogawanyika maneno mawili, ilhali kukaa, kunywa na kulala ni matukio matatu.

Kwenye tahajia, vitenzi vya kawaida huongeza -ed, na vinavyoishia na e huongeza d tu: “live”, “lived”. Y iliyotanguliwa na konsonanti hugeuka: “study”, “studied”. Iliyotanguliwa na irabu hubaki: “stay”, “stayed”. Lakini “say”, “pay” na “lay” zina njia yao: “said”, “paid”, “laid”. Makosa mengi yako kwenye kurudufu konsonanti ya mwisho. Neno la silabi moja likiishia kwa konsonanti, irabu moja, konsonanti moja, ile ya mwisho inarudufiwa: “stop”, “stopped”, “plan”, “planned”. “Help” hairudufu kwa sababu inaishia na konsonanti mbili; “need” kwa sababu ina irabu mbili. Herufi w, x na y hazirudufiwi kamwe: “showed”, “fixed”, “played”. Urudufishaji huu hulinda sauti ya irabu, ndiyo maana “hoped” imetoka kwa “hope” na “hopped” kwa “hop”, na matamshi ni mbalimbali.

Neno likiwa na silabi mbili, sikiliza mkazo. Katika “prefer” mkazo uko mwishoni, kwa hiyo “preferred”. Katika “visit”, “open” na “happen” uko mwanzoni, kwa hiyo “visited”, “opened”, “happened”, bila kurudufu. “Travel” ina utata wake: Uingereza huandika “travelled”, Marekani “traveled”. Chagua moja na uishike andiko zima.

Matamshi yanahitaji uangalifu zaidi, maana hapa Kiswahili kinatuvuta. Karibu kila silabi yetu inaishia na irabu, basi ulimi unatafuta pa kupumzika na “stopped” inakuwa silabi tatu. Ni silabi moja. Ile -ed hupata silabi yake pale tu kitenzi kinapoishia na sauti ya t au d: “wanted”, “needed”. Kwingine kote ni sauti moja tupu. Weka vidole kooni. Sauti ya mwisho ya kitenzi isipotetemesha koo, kama p, k, f, s, sh au ch, -ed hutamkwa t: “helped”, “worked”, “washed”, “watched”. Koo likitetemeka, hutamkwa d: “lived”, “called”, “played”. Fuata sauti, usifuate herufi: “laughed” huishia na t kwa kuwa gh yake hutamkwa f, na “closed” huishia na d kwa kuwa s yake hutamkwa z. Kama t ya mwisho inakushinda, ifanyie mazoezi ikifuatwa na irabu. “Looked at it” hutamkwa kama neno moja, “luktatit”, na ile t inapata pa kuegemea.

Vitenzi visivyofuata kanuni visikaririwe kwa alfabeti. Vipange kwa sauti, maana vinakwenda kwa makundi: “sing, sang”, “ring, rang”, “drink, drank”, “keep, kept”, “sleep, slept”, “send, sent”, “spend, spent”, “lend, lent”, “know, knew”, “grow, grew”, “throw, threw”. “Cut”, “put”, “hit”, “cost” na “shut” havibadiliki kabisa. “Read” haibadiliki kwa maandishi, lakini ikiwa wakati uliopita hutamkwa sawa na “red”. Vya kuangaliwa zaidi ni vinavyofanana: “fall” ni “fell”, “feel” ni “felt”, “fill” ni “filled”. Kuna na “lie” ya kujilaza, ambayo wakati wake uliopita ni “lay”, na “lay” ya kulaza kitu, ambayo huwa “laid”. “Lie” ya kusema uongo ni ya kawaida: “lied”.

Lini utumie wakati huu? Pale tukio lilipofungwa ndani ya muda uliokwisha: “yesterday”, “last week”, “in 2010”, “two days ago”. Neno “ago” hukaa baada ya kipimo cha muda. “Before two days” si Kiingereza cha “siku mbili zilizopita”. Tahadhari na -me-. Katika mazungumzo tunasema “nimemwona jana” na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakikubali “I have seen him yesterday”. Jana ikitajwa, ni “I saw him yesterday.” Swali la “when” nalo hufuata mkondo huo: “When did you see him?”

Zoezi ninalolishikilia ni hili. Andika kisa kifupi kwa Kiswahili, kisha pigia mstari kila -li-, -ka-, -me- na -ku- ya kukanusha. Palipo na -li- na -ka-, weka kitenzi cha wakati uliopita, kila kimoja na chake. Palipo na -ku-, weka “didn't” na umbo la msingi. Palipo na -me-, tafuta kwanza kama kuna muda uliotajwa. “Niliamka, nikanawa uso, nikatafuta funguo, sikuziona.” Inakuwa “I woke up, washed my face, looked for the keys and didn't find them.” Soma kwa sauti: “washed” silabi moja na t mwishoni, “looked” silabi moja na t mwishoni, kisha “find”, siyo “found”, kwa kuwa wakati umeshabebwa na “didn't”.