Arobaini na kadi ya kliniki

Swali la wiki liliuliza kama mila zetu ndizo zinazofanya watu wasite kuchanjwa na kuvaa barakoa. Kwa Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, jibu langu ni kwamba mila haikatai sindano. Ina siku zake na wasemaji wake, na mpango usiowajua hukwama.

Tazama arobaini. Mzazi hukaa ndani na mtoto hadi siku 40 zitimie. Chanjo za wiki ya 6 huangukia siku ya 42, kwa hiyo arobaini haizigusi. Ila aliyejifungulia nyumbani hupoteza tone la polio la kuzaliwa, kwani mwisho wake ni siku 14. BCG, chanjo ya kifua kikuu, bado mtoto ataipata, ila chupa moja ina dozi 20 na ikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6. Muuguzi akiona watoto wawili tu, huwaambia waje siku nyingine. Mama aliyetembea toka kijijini akarudishwa hivyo haji tena upesi, kisha lawama hubebeshwa mila! Zahanati itangaze siku moja ya BCG, na mkunga wa jadi aijue. Bibi naye aambiwe mapema: baada ya wiki chache kipele kitatokea bega la kulia, kitatoa usaha, kitaacha kovu. Kisipakwe majivu wala majani. Asipoelezwa ataamini mtoto kadhuriwa, na mjukuu anayefuata hatapelekwa.

Chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, tangu Aprili 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wengi katika umri huo huchezwa unyago, ndiyo maana uvumi wa kufungwa kizazi hushika haraka. Kwa Wamwera, Wayao na Wamakonde neno la mjomba na bibi ni zito. Barua ya shule inayomtafuta baba peke yake imekosea mlango. Makungwi waelezwe kabla wasichana hawajaingizwa ndani.

Barakoa ni ngumu zaidi. Mpuliza salfa ya kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga kwenye mikorosho hujifunga kitambaa bila kuhimizwa, maana vumbi humuwasha papo hapo. Virusi haviwashi. Msibani, anayejiziba peke yake huonekana anawanyanyapaa wafiwa, kwa hiyo imamu na wazee wavae kwanza, na mikeka itandikwe nje penye upepo. Ya kitambaa ikilowa jasho ibadilishwe, ifuliwe kwa sabuni, ianikwe juani.