Krismasi Haiishi Tarehe 26: Namna ya Kubeba Tumaini Hadi Februari

Dada mmoja msomaji ameandika wiki hii akiuliza kwa nini kila mwaka anatoka kwenye mkesha amejaa imani, halafu ikifika katikati ya Januari hata sala ya kulala inamshinda. Ameuliza kana kwamba ni yeye tu. Dada yangu, mko wengi. Muulize katekista au mzee wa kanisa yeyote atakwambia mahudhurio ya Jumapili ya pili ya Januari yanavyokuwa. Tunaifunga Krismasi mapema mno, kisha tunakwenda kutafuta nguvu kwenye maazimio ya mwaka mpya, na maazimio hayana nguvu hiyo.

Kanisa halikuifanya Noeli kuwa siku moja. Anza kuhesabu 25 Desemba kama siku ya kwanza. Siku ya nane ni 1 Januari, na hapo ndipo Luka 2:21 inaposema mtoto alitahiriwa akaitwa Yesu. Waanglikana na Walutheri huadhimisha jina hilo siku hiyo. Wakatoliki humwadhimisha Maria Mama wa Mungu, na tangu 1968 wanaiombea dunia amani. Tarehe 6 Januari, au Jumapili iliyo karibu nayo, ni Epifania, mamajusi wanafika. Siku ya 40 ni 2 Februari, Bwana anatolewa hekaluni, Simeoni anampokea mikononi. Kwa hiyo mwaka mpya hauji baada ya Krismasi. Unaingia katikati yake.

Ukilielewa hilo, mambo mengi ya nyumbani yanabadilika. Using'oe mapambo tarehe 26. Pango la Noeli, zile sanamu za Yesu mchanga horini, liache mpaka Epifania angalau, na wanaotaka waliache hadi 2 Februari. Kama una sanamu za mamajusi, usiziweke pangoni siku ya Krismasi. Ziweke upande wa pili wa sebule, watoto wazisogeze kidogo kila jioni mpaka zifike tarehe 6. Huna pango? Mshumaa mmoja mezani unatosha, uwashwe wakati wa sala tu. Makanisa mengi ya Kikatoliki na Kianglikana hubariki mishumaa tarehe 2 Februari, basi peleka huo huo, au ulete mpya nyumbani.

Sasa kuhusu kusoma Neno, maana hapa ndipo watu wengi wazuri wanapoangukia. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Anayetaka kuimaliza ndani ya mwaka husoma sura tatu kila siku na tano Jumapili. Mwanzo ina sura 50, Kutoka 40. Kwa mwendo huo unazimaliza baada ya wiki nne, na mwisho wa Januari, siku ambazo mfuko umekauka na mwili umechoka, unakabidhiwa Mambo ya Walawi, sura 27 za sadaka za kuteketezwa na sheria za ukoma. Ni Neno la Mungu, na lina wakati wake. Lakini kwa mtu ambaye hakuwa na mazoea ya kusoma, hapo ndipo Biblia inaporudi kabatini. Kisha anajihukumu kwamba hana imani, wakati alichokosa ni mpango unaomfaa.

Fanya hivi badala yake. Kuanzia 25 Desemba hadi Mwaka Mpya fuata sikukuu zenyewe. Krismasi, Luka 2:1–20. Tarehe 26 ni ya Stefano, soma Matendo 7:54–60. Tarehe 27 ni ya Yohana, soma Yohana 1:1–18. Tarehe 28 ni ya watoto waliouawa na Herode, Mathayo 2:13–18. Siku tatu zinazofuata gawanya Luka sura ya kwanza, kwa kuwa ina mistari 80 na ukiisoma kwa mkupuo hutabaki na kitu: 1–25, halafu 26–56, halafu 57–80. Mwaka Mpya, mstari mmoja tu, Luka 2:21. Kuanzia 2 Januari soma Luka 3 hadi 24, sura moja kwa siku, Jumapili upumzike usikilize masomo ya ibadani. Hizo ni sura 22. Hadi 2 Februari una siku 27 au 28 zisizo Jumapili, hivyo, ukitoa tarehe 6 Januari na 2 Februari zenye masomo yake, unabaki na siku tatu hadi tano za akiba kwa ajili ya safari, homa na misiba. Tarehe 6 weka kando sura ya siku hiyo usome Mathayo 2:1–12. Siku ya 40 malizia na Luka 2:22–40.

Usiruke tarehe 28 Desemba. Wengi wanairuka kwa sababu inaharibu sherehe. Lakini hebu fikirini, ndugu zangu: siku tatu tu baada ya kuimba utukufu juu mbinguni, Kanisa linatusomea habari za akina mama wanaolia na familia inayokimbilia Misri usiku. Yusufu hakuahidiwa mwaka wa mafanikio. Aliambiwa ondoka, umchukue mtoto na mama yake, naye akaondoka. Tumaini la Krismasi lilikuwa na Herode ndani yake tangu mwanzo, na ndiyo maana linaweza kuibeba Januari yako yenye kodi ya nyumba na mgonjwa hospitalini. Inaniuma kuona watu wetu wakitoka kwenye mikesha wameahidiwa gari, nyumba na ndoa kwa jina la Bwana, wengine wamenunua na chupa ya mafuta ya upako, halafu ikifika Machi hawana gari na hawana tena hamu ya kusali. Simeoni alingoja muda mrefu. Ana alikuwa mjane wa miaka 84, haondoki hekaluni. Walichokipata ni kumwona mtoto, wakasema inatosha.

Ibada ya nyumbani isizidi dakika 15. Wimbo, beti mbili. Somo, msomaji awe mtoto anayejua kusoma. Swali moja tu, mfano: ni nani katika somo hili aliogopa, na aliambiwa nini? Kisha kila mtu aseme sentensi moja ya maombi, mmalize kwa Baba Yetu. Ifanyeni kabla ya chakula cha usiku, si baada yake. Baada ya chakula watoto wanasinzia na mama yuko kwenye vyombo. Linaloua ibada hizi mara nyingi ni baba kugeuza somo kuwa mahubiri ya dakika 40, au kuitumia sala kumsema mtoto aliyefeli. Baba, ukitaka kuzungumza na mtoto, zungumza naye kwa wakati wake.

Fedha lazima tuizungumzie, kwa kuwa tumaini la wengi huzamia hapo. Kwa waajiri wengi mshahara wa Desemba hutoka mapema kabla ya sikukuu, wa Januari unatoka mwishoni mwa mwezi, katikati kuna kama wiki tano. Humo humo kuna sare, viatu, madaftari, ada kwa wenye watoto shule binafsi, na nauli ya kurudi kutoka kijijini. Kaa na mwenzi wako kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, mwandike kila kinachodaiwa na tarehe yake, kisha muombe mkiwa na karatasi hiyo mkononi. Bahasha ya ahadi ya sadaka usiijaze usiku wa mkesha ngoma zikilia. Ichukue nyumbani, andika baada ya hesabu. Mhubiri 5 inasema wazi kwamba ni heri kutoweka nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe, na deni la ahadi huwafanya watu waone aibu kurudi kanisani.

Azimio, kama ni lazima, liwe moja, lenye saa na mahali. “Nitamtafuta Mungu zaidi” haliwezi kutekelezwa na mtu yeyote. “Jumatatu hadi Ijumaa saa 11:30 alfajiri, kabla sijashika simu, nitasoma sura moja nikiwa mezani” linaweza. Biblia ilale pale mezani tangu usiku, simu ichajiwe chumba kingine.

Na mwende kwa waliofiwa. Siku ya Krismasi nyumba ya mjane imejaa wageni. Wiki ya pili ya Januari wote wamepanda mabasi na amebaki na kiti kitupu. Jumuiya ipange zamu wiki hiyo, watu wawili au watatu, sukari kilo mbili, sabuni, saa moja ya kukaa. Msiende kumi kwa mpigo, mtamchosha kwa kuwapikia.

Baada ya 2 Februari ingieni Matendo ya Mitume, sura 28. Jumatano ya Majivu haiji kabla ya 4 Februari, na miaka mingine huchelewa hadi Machi, kwa hiyo Matendo yatawafikisha Kwaresima au yatawaingiza ndani yake. Anayetaka mpango wa mwaka mzima achukue Agano Jipya: sura 260, moja kila siku, siku tano kwa wiki, wiki 52.

Ukikosa siku moja au mbili, tumia siku za akiba. Ukikosa wiki nzima, usijaribu kulipa sura sita kwa usiku mmoja. Fungua sura ya leo, soma, endelea. Ulizoruka utazisoma Jumamosi moja ya Februari.