Wasomaji Wauliza: Nyumba ya Rais Truman pale Independence

SWALI: Naishi Kansas City. Wageni wangu kutoka Kigoma walitaka kuona nyumba aliyoishi Harry Truman, rais wa zamani wa Marekani, katika mji jirani wa Independence, jimbo la Missouri. Tulizunguka makumbusho nzima, nyumba hatukuiona. Tulipotea wapi?

JIBU: Makumbusho mliyozunguka yamo ndani ya maktaba yake ya urais, iliyofunguliwa mwaka 1957. Huko ndiko walikozikwa yeye na mkewe Bess, na wasimamizi wake ni wengine. Nyumba iko 219 North Delaware Street, chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa. Lakini msiende kugonga mlango. Anzeni kituo cha wageni, 223 North Main Street, mpate tiketi za siku hiyo. Kila kundi ni watu wanane tu, kwa hiyo mkiwa kumi mtagawanyika. Wakati wa kiangazi wahini asubuhi, na mhakikishe kwanza saa za kufungua, maana hubadilika kwa msimu.

SWALI: Mbona ghorofani hawatupandishi?

JIBU: Bess alifariki mwaka 1982 na kuirithisha nchi nyumba hiyo, akitaka ghorofa isionyeshwe watu maadamu binti yao Margaret yu hai. Margaret alifariki mwaka 2008, ila ghorofa imebaki imefungwa ili vilivyomo visichakae.

SWALI: Jiko lile limechoka kabisa! Taifa tajiri kama Marekani linashindwa kuweka sakafu mpya?

JIBU: Haishindwi, imekataa, na sisi tunaiunga mkono. Truman alirudi hapo mwaka 1953 bila pensheni ya urais, kwa kuwa sheria ya pensheni hiyo ilipitishwa mwaka 1958. Alikuwa na ya jeshi, dola 112.56 kwa mwezi. Na nyumba yenyewe ilikuwa ya ukoo wa mkewe. Babu yake Bess ndiye aliyeijenga. Jiko lililochakaa linaeleza hayo kuliko kibao chochote. Koti na kofia ya Truman bado vimetundikwa. Weka sakafu mpya, utabaki na jiko la maonyesho la duka la samani.

SWALI: Tunataka kuhifadhi nyumba ya marehemu babu yetu, Tanga, ya mawe ya matumbawe. Mafundi wanakuja wiki ijayo. Tuanze na nini?

JIBU: Waahirisheni mafundi. Kabla hakijasogezwa hata kiti, pigeni picha kila chumba: kuta nne, sakafu, dari. Kila kitu kipewe namba, iandikwe kwa penseli kwenye karatasi ngumu na kufungwa kwa uzi wa pamba. Selotepu hapana, gundi yake huacha doa la manjano lisilotoka.

Kisha paa na mifereji, kwani maji yakiendelea kuingia kazi nyingine yote ni bure. Fundi akija na saruji, mzuieni. Ukuta wa matumbawe hupumua. Saruji hufungia unyevu ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na lipu hubanduka na vipande vya jiwe. Tumieni chokaa iliyoiva, yaani iliyolowekwa majini hadi ikalainika, sehemu moja kwa tatu za mchanga. Mchanga wa pwani una chumvi, msiuguse.

Nguo na picha za babu ziwekwe mbali na dirisha. Rangi iliyofifishwa na jua hairudi, kwa hiyo ukutani tundikeni nakala na picha halisi mzifungie kabatini, mbali na ukuta wa nje. Kagueni chini ya kabati hilo kila mwezi: mkiona vijia vya udongo, mchwa wameshaingia.